Meza Iliyomwendea Mama Mkwe

Kwanza kabisa, mimi sitetemeki. Mikono yangu iko sawa, na asubuhi ya leo nimetunga uzi kwenye sindano namba 11 mbele ya mashahidi. Iliyokuwa inatetemeka ni meza.

Nalazimika kuanzia hapo kwa sababu jirani yangu wa saluni ameshatuma sauti kwenye magrupu yote ya Bombo, mji wetu huku Uganda. Sauti hiyo imefika mpaka Arua kwa shangazi yangu, naye akanipigia simu analia, anauliza ni kweli nimemkumbatia mama mkwe hadharani na sasa nimeshikwa na obuko? Shangazi, hapana. Na nyinyi wengine, hapana. Kumkumbatia sikumkumbatia. Nilishonwa naye. Ni mambo mawili tofauti, na kwa kuwa mmeshasikiliza uongo wa dakika nne bila kuchoka, kaeni msikilize na ukweli.

Mnaosoma mkiwa Mombasa na Tanga mtaniuliza obuko ni nini. Huku kwa Waganda mwanamume hamgusi mama mkwe. Hamsogelei, hakai naye mahali pamoja wakatazamana, hata kupeana mkono ni mwiko. Akiuvunja, wazee wanasema atapata obuko, maradhi ya kutetemeka mwili. Mimi ni Mnubi wa Bombo, mambo haya nimeyakuta ukweni, na siku nilipoelezwa nilicheka mpaka nikaombwa nitoke nje. Nimeendelea kucheka miaka yote ya ndoa yangu mpaka Jumamosi hii iliyopita, saa nne asubuhi.

Sasa tuje kwenye meza.

Mnaonifuata siku nyingi mnaikumbuka ile miguu ya cherehani ya marehemu baba. Singer nyeusi, kikanyagio cha chuma, gurudumu kubwa pembeni, mkanda wa ngozi. Ilikuwa chuma kitupu, kizito, kikishakaa mahali kimekaa. Mnakumbuka pia nilivyojigamba siku nilipomuuzia bwana mmoja wa Kampala, aliyeitaka aiwekee kioo juu iwe meza ya bia kwenye baa yake. Nikaandika kwamba zama za kukanyaga zimekwisha. Nikabaki na kichwa cha cherehani peke yake, nikakinunulia mota ndogo ya kufunga nyuma na pedali ya umeme. Mkanipongeza. Watu wazima, wengine mna maduka yenu, mkanitumia vidole gumba na maua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Fundi, na kichwa utakiweka wapi?" Hilo nimeliweka moyoni.

Nikaenda kutafuta meza. Barabara ya Gulu, mnaijua, maseremala wamejipanga na vitanda vyao na milango yao juani. Mzee wa kwanza alinionyesha meza ya mvule. Tuliishika huku na huku tuinyanyue, ikakataa. Juu ubao mnene, miguu imetanuka, na chini kabisa miguu imefungwa kwa mbao nne zilizochomekwa kwenye matundu, hakuna msumari hata mmoja. Akasema laki nne na nusu. Nikamuuliza kama bei hiyo ni pamoja na nyumba. Mzee hakucheka. Akaniambia, "Mwanangu, cherehani ya mota inataka meza inayoikatalia." Nikaona ni maneno ya mtu mwenye meza ngumu kuuza.

Mbele kidogo nikakutana na kijana. Maneno matamu, fulana safi, meza imepakwa vanishi mpaka unajiona meno. Miguu myembamba, mirefu, inapungua kuelekea chini kwa madaha. Na droo! Nilipoiona droo, jamani, nikaona mahali pa vifungo, mahali pa bobini, mahali pa mkasi.

"Mbao gani hii?"

"Mvule, ssebo."

"Bei?"

"Laki na ishirini, lakini wewe nakuona ni mtu wa kazi. Leta elfu tisini na tano."

Mvule ya elfu tisini na tano. Mwenye kujua mbao angeshaaga. Lakini mimi najua poplini na satini, mbao najua za kukalia. Baadaye niliambiwa kwamba ule ubao wa juu ulikuwa kirundu, mti mwepesi wa kutengenezea makasha, na miguu ilikuwa kalitunsi, yaani mkaratusi, tena mbichi. Kalitunsi isipokaushwa vizuri hunywea na kujipinda ikiwa tayari ndani ya nyumba yako, na msumari uliokuwa umekaza unabaki umesimama tu kwenye tundu, hauna wa kuushika. Vanishi ndiyo ilikuwa inazungumza Kimvule.

Niliinyanyua kwa mkono mmoja. Hapo ndipo mapenzi yalipoingia. Nikasema hii nitaihamisha mwenyewe wakati wa kufagia. Yule kijana akaona nimelainika, akapanda juu yake akaanza kurukaruka. Akamwita mwenzake. Wakaruka wawili, wanaimba. Meza ikavumilia. Nani angebisha?

Niwaambie kitu ambacho sasa nakijua vizuri kuliko Fatiha. Cherehani haiilemei meza, inaipiga mateke. Sindano ikipanda na kushuka, mota ikivuta, kila mshono unaisukuma meza kidogo upande huu na kidogo upande ule. Vijana wawili wakiruka juu wanaikandamiza kwenda chini, na kwenda chini hata kiti kibovu kinavumilia. Anayezuia teke la ubavuni ni uzito wa meza yenyewe, na miguu iliyotanuka, na zile mbao za kufunga miguu huko chini. Kati ya hayo matatu, meza yangu ilikuwa na droo.

Mtu wa boda aliipakia nyuma peke yake, miguu juu, akaifunga kwa mpira. Nikamuuliza nauli. Akaitikisa, akaitazama, akasema, "Mzee, hii nikulipishe ya mtoto tu." Nikashukuru Mungu kwa bei nafuu.

Dukani, jirani wa saluni alikuja kuikagua. Aliweka kidole kimoja pembeni, akasukuma. Meza ikaenda, ikarudi, ikaenda tena kidogo kwa hiari yake. Akaniambia nikate vipande vya lugabire, vile viatu vya matairi, nivibandike chini ya miguu ili isiteleze, maana sakafu yangu ni ya sementi na naipiga nta kila wiki. Tena imeinama kidogo kuelekea uani ili maji ya kudekia yatoke. Nikamwambia meza ya mvule haivai lugabire. Kisha nikamtolea elimu: Isaac Singer mwenyewe, mwaka 1851, mashine zake zilikuja ndani ya sanduku la mbao, na sanduku hilohilo ndilo likawa meza ya kushonea. Dunia nzima ikashona. Akafikiri kidogo, akajibu, "Sanduku halina miguu. Litatembelea nini?"

Mimi naona watu wa saluni wanaongea sana.

Kazi ndogondogo zilikwenda. Zipu, mfuko, sare ya mtoto wa shule. Meza ilikuwa inatikisika kidogo tu, nikawa nasema ina uhai. Pindo refu sikuwa nimeshona.

Ndiyo ikaja kwanjula ya shemeji yangu, yaani siku ya upande wa bwana harusi kuja kujitambulisha ukweni. Nyumbani kwao ni Wobulenzi. Mama wa binti ni mama mkwe wangu, na gomesi lake nilishona mimi, ila vipimo vilipitia kwa mke wangu na nguo ikapitia kwa mtoto, adabu zote zimezingatiwa. Gomesi, vazi la heshima la kina mama wa Kiganda, ni karibu mita sita za kitambaa, mabega yamesimama, shingo ya mraba, vifungo viwili, na mshipi mkubwa kiunoni. Sifa ya kulibuni wanampa fundi Mgoa, Gomes, kwa ajili ya wasichana wa Gayaza mwaka 1905. Heshima zangu kwake, lakini sidhani kama na yeye aliwahi kulipinda likiwa na mwenyewe ndani.

Asubuhi ile mama mkwe alikuja mjini kuchukua nguo. Akaivaa, akafungwa mshipi, ukapangwa mkunjo kwa mkunjo na kina mama wawili waliokuja naye. Ndipo akabadili viatu. Vile virefu vinambana, atavaa vya chini. Na gomesi likawa refu kwa vidole vinne.

Kuvua alikataa. Mshipi ule ulikuwa umetoka vizuri, na hakuna mama wa Kiganda atakayeufungua mshipi uliotoka vizuri kwa ajili ya vidole vinne. Nje kamunye, gari la abiria, ya kumrudisha Wobulenzi inapiga honi. Wale wageni wa bwana harusi wameshatoka Kampala, tena mpuuzi mmoja kati yao anatuma picha kwenye simu ya mke wangu: hapa tuko Kawempe. Hapa tuko Kawempe tunanunua maji.

Niwape ramani, maana hapa ndipo sauti ya saluni ilipodanganya zaidi. Duka langu ni chumba kimoja. Mbele mlango wa barabarani, nyuma mlango wa uani, katikati pazia zito la kitenge limening'inia kwenye bomba. Nyuma ya pazia watu hujipimia. Yeye aliingia kwa uani, mimi niko mbele. Hatukuonana. Kati yetu yuko mwanangu wa miaka saba, ndiye mjumbe.

Nikatoa wazo. Mama asimame juu ya kreti la soda, palepale nyuma ya pazia. Pindo la gomesi lipitishwe chini ya pazia mpaka mezani kwangu. Ndani amevaa kikoyi chake, kwa hiyo msinianze. Mimi nashona upande huu, yeye kasimama upande ule, mwiko mzima, nguo inapindwa. Kwa kawaida fundi huzungusha nguo. Hii nguo ilikuwa na mtu, kwa hiyo angezungushwa mtu. Nikisema "Zungusha," mtoto anasema "Jjajja, zunguka," yaani bibi, naye anajisogeza kidogo juu ya kreti. Hebu semeni ukweli, si ni mpango mzuri? Mke wangu aliuona mzuri. Sasa anasema hakuwepo.

Mimi nilikuwa nimeshavaa kanzu kwa ajili ya sherehe. Kanzu nyeupe, darizi nyekundu kifuani, mikono mipana. Kumbukeni mikono.

Nikaanza polepole. Mshono ukanyooka. "Zungusha." "Jjajja, zunguka." Kreti likalia kidogo. Nikashona tena. Simu ya mke wangu ikalia: wako Matugga. Kutoka Matugga mpaka kwangu hapa ni kufumba na kufumbua, na wakipita Bombo kabla ya mama mkwe kuondoka, watafika kwenye kwanjula isiyo na mwenye binti. Honi. Honi tena. Nikakanyaga pedali mpaka mwisho.

Mashine hizi za nyumbani zikiwa na mota zinafika mishono karibu 1,000 kwa dakika. Sikuwahi kuifikisha huko.

Kilichoanza ni droo. Ilifunguka yenyewe, ikanipiga tumboni. Nikaifunga kwa tumbo. Ikafunguka tena, safari hii ikatapika vifungo vyote sakafuni. Sikuacha kushona. Fundi wa kweli haachi pindo kwa sababu ya vifungo.

Kisha nikaona pindo linanivuta. Nikasema mama mkwe anazunguka kabla sijasema. Nikasogeza stuli mbele. Nikashona kidogo, nikaona tena niko mbali. Nikasogeza stuli. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anayeondoka ni meza. Mguu wa mbele kushoto, kisha wa nyuma kulia, kisha unatulia kidogo, kisha wa mbele tena. Inateremka na mwinamo wa sakafu kuelekea uani, yaani kuelekea pazia, yaani kuelekea kwa mtu pekee katika wilaya nzima ya Luweero ambaye sikutakiwa kumsogelea. Ilikuwa inakwenda kama mlevi anayejua njia ya kwao, inayumba lakini haipotei.

Nikafanya jambo la busara. Niliondoa mguu kwenye pedali. Mashine ikatulia, meza ikasimama, na kwa nukta moja nilikuwa mtu mwenye heshima zake. Nikaishika meza pembeni nikaivuta irudi kwangu. Ikarudi, nyepesi, haikuleta ubishi. Mguu wake mmoja ukaja ukasimama juu ya pedali.

Tulieni hapo. Meza ilikuwa inakanyaga. Miaka yote hii ninayekanyaga ni mimi, na sasa cherehani ilikuwa imepata fundi mwingine, tena asiyejua kuondoa mguu. Kadiri mashine ilivyokwenda mbio, meza ilitikisika, na kadiri ilivyotikisika, iliikandamiza pedali zaidi. Ikageuka, ikashika njia yake ya uani, pedali inaburutwa chini ya mguu wake.

Nikanyoosha mkono wa kulia nilishike gurudumu la mashine lisimame. Hapo ndipo mkono wa kanzu ulipoingia. Yale meno madogo chini ya sindano hayachagui kitambaa. Yaliupokea mkono wangu wa kanzu juu ya satini ya mama mkwe, yakaupitisha, na nikautazama kwa macho yangu mshono unapanda kuelekea kwenye kiwiko. Umenyooka. Nafasi sawa kwa sawa, hakuna uzi uliolegea. Wallahi katika maisha yangu sijawahi kushona mshono mzuri kiasi kile.

Nikapiga kelele, "Zima!"

Mota inanguruma, vifungo vinarukaruka, honi nje. Mtoto akasikia alichozoea kusikia. "Jjajja, zunguka!"

"Zima! Zima!"

"Jjajja, baba anasema haraka!"

Na mama wa watu akazunguka. Siwezi kumlaumu, alikuwa na haraka kutuzidi sote. Nasikia kreti linalia krr, krr, krr nyuma ya pazia, na kila akizunguka nguo inajivuta, inanivuta mimi, na pazia nalo limeshaanza kumzunguka. Umeme wangu, mnajua, unatoka saluni kwa waya mrefu. Nikaita, "Jirani! Chomoa!" Jirani akatokea mlangoni. Akaona. Mkono wake mmoja ulikuwa na kitana na mwingine simu. Nikarudia, "Chomoa waya!" Akasema, na hili atalikana, akasema, "Ngoja kidogo," akasogea kando ili mwanga wa mlango usimharibie.

Meza ikafika kwenye pazia. Iliingia bila hodi.

Nikiwa nimefungwa kwenye mkono, nikiruka mguu mmoja, nikaingia nayo. Nikasikia msumari ukitoka kwenye kalitunsi, mlio mrefu, unachukua muda wake. Kisha wa pili. Mguu wa mbele ukalala ubavuni, na meza ikapiga goti. Angalau hapo meza ilionyesha adabu. Kichwa cha cherehani kikateleza, sindano ikakatika, waya ukachomoka, na mashine ya marehemu baba ikadondoka ndani ya kapu la vitambaa, ikakaa salama kabisa. Mimi sikupata kapu. Bomba la pazia likashuka. Kreti likapinduka. Kukawa kimya, giza, na harufu ya kitenge kipya.

Tulikuwa chini ya pazia. Sote wawili. Nimepiga magoti, mkono wangu wa kulia umeshonwa kwenye pindo lake, naye amekaa chini na mshipi wake haujapinda hata kidogo. Mwanga ukapenya pembeni. Tukatazamana. Miaka yote nimekuwa mkwe wake na sikuwahi kujua kwamba ana kidoto cheusi juu ya jicho la kushoto. Sasa najua.

Ulimi ukaona lazima useme kitu. Kwa kuwa magoti nilikuwa nimeshapiga, ukachagua salamu. "Mwasuze mutya, nnyabo?" Umeamkaje, mama.

Mama mkwe akanitazama. Akautazama mkono wa kanzu. Akautazama mshono, na naapa niliona jicho lake likiukubali. Kisha akageuza kichwa, akatafuta mtoto alipo, akasema kwa sauti ya chini yenye adabu zake zote: "Mwambie baba yako nimeamka salama."

Mtoto akainama, akachungulia chini ya pazia, uso wake umbali wa kiganja kutoka wangu. "Baba, Jjajja anasema ameamka salama."

Yaliyobaki hayana maana. Wale kina mama wawili wakaja na mkasi, gomesi likakataliwa kukatwa, ikakatwa kanzu. Mkono wangu wa kanzu ukaenda Wobulenzi ndani ya pindo la mama mkwe, na mimi nikaenda na koti juu, upande mmoja mtupu, jua lote lile, nikakaa mwisho wa hema sikulivua. Wageni waliwahi, mama aliwahi, binti ameposwa. Kuna mtu alisifu pindo. Jirani anasema video ameifuta, sauti hakusema. Yule kijana wa vanishi nilimrudia nikakuta mahali pake wanauza mananasi. Bwana wa baa nilimpigia kuhusu miguu ya baba, akanitajia bei ambayo sitaiandika kwa sababu mke wangu yumo humu.

Mnaoniuliza nimenunua meza gani sasa: ya bucha. Mzee wa nyama hapa sokoni ameacha kazi, nikamlipa laki mbili na nusu. Mbao ya mugavu, ubao wa juu mnene kuliko mkono wangu, miguu imefungwa chini pande zote. Imekatiwa ng'ombe miaka mingapi, na shoka halikuitikisa. Ilibebwa na wanaume wanne, na mmoja wao hanisemeshi mpaka leo. Nimetoboa, nikafunga cherehani kwa bolti, nikavalisha miguu lugabire zote nne, jirani akapita akaziona, akanyamaza kwa namna inayoumiza. Nimekanyaga mpaka mwisho: kikombe cha chai juu yake hakitikisiki. Nimeisugua kwa majivu, kwa Omo, kwa ndimu, na bado paka wa Bombo nzima wanashinda mlangoni kwangu wananitazama nikishona.

Jana mtoto ameletwa na bahasha ya kitambaa kutoka Wobulenzi. Gomesi jingine, la harusi yenyewe. Nilifurahi, nikasema nimesamehewa. Nikamuuliza Jjajja amesema nini. Akasimama wima, akakumbuka neno kwa neno: lisinuke nyama, lisiwe refu, na lishonwe kwa mkono. Lote.

Mita sita hizo. Nimemaliza bega moja.